Karibu Mno

Tii, tii, tii, tii. Mpaka leo gari likirudi nyuma hapa getini kwetu Lusail, Qatar, mkono wangu unakwenda wenyewe kushika makalio, ndipo macho yanaanza kutafuta gari liko wapi. Sauti ni ile ile. Nitawaeleza, msiwe na haraka.

Nyie wadogo zangu mliofika juzi, mnaolala vitanda vya juu kule kambini Al Wakrah, kila Ijumaa mnaniuliza kazi ya kulinda picha ikoje, kwa sababu wawili wenu wameitwa kwenye usaili. Mmemuuliza mtu anayejua. Mimi ni mstaafu. Msicheke, nasema kweli: nina miaka ishirini na saba na nimestaafu picha, sasa nalinda maegesho. Wastaafu wote niliowahi kuwasikia wana kumbukumbu zao, wanazisimulia mpaka chai inapoa. Mimi zangu nimeamua kuziandika. Shule yangu iliishia kidato cha nne, na matokeo yake tusiyaguse, lakini nafasi ninayo. Magari hayana maneno mengi.

Kwanza futeni kichwani yule mlinzi anayepambana na majambazi. Katika jumba lile la sanaa sikuwahi kuona jambazi hata mmoja. Nilichokiona ni makalio. Mtu anaingia na simu, anataka kumpiga mwenzake picha na ukuta mzima utokee, basi anarudi nyuma, anarudi nyuma, macho kwenye simu, na nyuma yake kuna kitu ambacho ukoo wake wote ukiuzwa hakilipiki. Mikono ya watu ina adabu, imefundishwa tangu utotoni kutoshika vya wenyewe. Makalio hayajafundishwa na mtu.

Aliyenifungua macho kwa hilo ni Da Zuwena, Mwunguja mnene mwenye sauti nyembamba, ambaye alikuwa amekwisha simama mbele ya mazulia, majambia, vyungu na mifupa ya nyangumi kabla mimi sijapata hata pasipoti. Mwanzoni nilipangwa naye, akaniambia mambo ambayo kwenye mafunzo hawayasemi. Viatu vipya vivae kwanza kambini mpaka viache kulia, maana kwenye sakafu ile vinapiga kelele kukushinda. Usikaze magoti, utaanguka kama gogo. Chezesha vidole ndani ya kiatu, hakuna anayeona. Chooni nenda hata kama hujisikii, kwa sababu ukijisikia, wa kukupokea atakuwa anakula. Mgeni anayetembea mikono nyuma, huyo muache. Anayevua miwani, msogelee. Ila usimsogelee kama askari, alisema, msogelee kama mwenye nyumba anayemletea mgeni maji.

Halafu akanifundisha shikamoo.

Hii hamtaipata kwa mwingine. Tulipewa maneno ya Kiingereza ya kumwambia mgeni: samahani, umekaribia mno, tafadhali rudi nyuma. Maneno mazuri, ila mtu mzima akiambiwa hivyo mbele ya wajukuu anaona aibu, na mwenye aibu anakasirika. Da Zuwena hakuwa anayasema. Alikuwa anakwenda mbele ya mzee, anapiga goti kidogo, anainamisha kichwa, anasema shikamoo taratibu. Wazungu wanatabasamu, Waarabu wanaweka mkono kifuani. Maajabu yake yalionekana kwa Wakorea. Mkorea ukimwinamia, anakuinamia. Na mtu hawezi kuinama vizuri bila kuvuta mguu nyuma. Basi anajitoa mwenyewe mbele ya picha kwa heshima zake zote, na anaondoka akijua amesalimiwa.

Wakorea walikuwa wengi mwaka ule kwa sababu maonyesho yalikuwa ya mchoraji wa kwao, mzee wa miaka themanini na kitu, kazi zake za maisha yote zimekusanywa mahali pamoja, tangu za ujana mpaka za uzee. Sisi tulimwita Mzee Mlango. Jina lake halisi liliandikwa kila ukuta, lakini kila mmoja wetu alilitamka kivyake, ikawa kama tunazungumzia wazee watatu.

Mzee Mlango alikuwa amechora mlango. Sisemi milango. Mlango, ule ule mmoja, wa nyumba waliyoikimbia wakati wa vita akiwa mtoto: fremu ya mbao yenye vijiti vinavyokatana, imebandikwa karatasi mahali ambapo wengine wangeweka kioo. Chini yake jiwe la kukanyagia, ndipo watu wanapoacha viatu. Vyumba vya mwanzo vilikuwa na milango midogo aliyoichora juu ya magunia ya unga wa msaada, hakuwa na kitambaa kingine. Ukikodoa macho unaziona bado herufi za gunia. Kadiri unavyokwenda mbele milango inakua na rangi zinapungua. Chumba changu kilikuwa cha mwisho. Mlango mmoja tu, mkubwa kuliko wa msikiti wetu wa Muheza, mweupe juu ya ukuta mweupe, na lile jiwe chini. Juu ya jiwe hapakuwa na kitu.

Shiko, Mkenya wa Nakuru niliyekuwa napokezana naye zamu, alipouona mara ya kwanza alisema mzee aliishiwa rangi akaona haya kusema. Mimi niliupenda. Nilisimama pale nikiwaza yangu: nani yuko ndani, wanapika nini, watoto wamelala au wanasikiliza. Nilimwambia mama kwenye simu kwamba nalinda nyumba ya Mkorea. Akauliza kama wananilisha.

Mbele ya mlango ule palikuwa na mstari wa kijivu sakafuni, na darini jicho la mtambo. Ukivuka mstari, king'ora kinalia, na kikilia mudir anakuja. Mudir ni msimamizi. Huku wote tunamwita hivyo kwa Kiarabu. Wa kwetu alikuwa Mganda, Bwana Kizito, mtu mpole aliyejivika ukali kama koti la kuazima. Sheria aliyotusomea ilikuwa fupi: king'ora kikilia chumbani kwako kwa uzembe wako, au ukivunja utaratibu, ni onyo. Onyo la tatu, unatoka kwenye kiyoyozi unakwenda geti la Lusail. Alisema Lusail kama watu wanavyosema makaburini, na miezi ya joto ilikuwa inaingia.

Mimi wakati ule nilitaka jambo moja tu duniani: nibaki chumba kile mpaka maonyesho yaishe, kwa sababu ilisemekana Mzee Mlango mwenyewe atakuja kuyafunga. Nilitaka nimwone akiutazama mlango wake. Nilikuwa nimeshaamua hata shikamoo ya kumpa.

Sasa onyo la kwanza. Lilikuja kundi zima la wazee wa Kikorea, nikamwona bibi mmoja amevua miwani. Nikakumbuka mafunzo. Nikaenda mbele yake, yaani kati yake na picha, nikapiga shikamoo ya kwetu Muheza, ile ya mtoto aliyetumwa kwa jirani, goti linakaribia sakafu. Bibi akainama. Nikaona ameinama kunishinda, nikaona haya, nikaongeza. Naye akaongeza. Kwa mbele nilikuwa na adabu zote za dunia. Kwa nyuma nilikuwa nimevuka mstari.

Tii, tii, tii, tii.

Bwana Kizito alikuja mbio akamtafuta mkosaji, akawapita wazee wote waliosimama mahali pao vizuri kabisa, macho yakaishia kwangu. Da Zuwena alikuwa amenifundisha kila kitu isipokuwa kupima nafasi ya nyuma. Jioni kwenye basi la kambi Shiko alikuwa ameshapata habari.

"Aki Mwanaidi, yaani alarm umeipigia na haga?"

Haga kwa vijana wa kwao ndiyo hayo hayo makalio. Basi zima lilinipigia tii tii mpaka tunafika Al Wakrah, na dereva, Mnepali asiyejua hata neno moja letu, naye akapiga honi.

Baada ya hapo nikawa mwangalifu sana, na katika uangalifu huo nikaanza kuona kitu. Wazee wa Kikorea wakifika mbele ya mlango mweupe wanakohoa. Si wote, na vijana hawamo. Mzee anasimama, ananyamaza, halafu: ehem. Kavu, mara moja, pengine mara mbili. Anasikiliza kidogo, anaondoka.

Roho yangu haiwezi kumwona mtu mzima anakohoa nikanyamaza. Kiyoyozi cha mle ndani kilikuwa cha kuhifadhia samaki, nikajua baridi imewaingia vifuani. Na mimi mama alinifungia pipi kifua za kutosha kuponya wilaya. Nikaanza kuzigawa kimyakimya, mkono kwa mkono. Wazee walipokea kwa mikono miwili, wakainama, wakaondoka wakiangaliana. Nilijiona muuguzi. Shiko alipogundua alisimama kwenye mlango wa kuingilia, mikono kiunoni.

"Sasa kila msee akikohoa unampea sweet? Hii ni museum ama ni chemist?"

Akaja babu mmoja mfupi, kofia ya jua kichwani, kibegi kifuani, na mjukuu wake msichana wa rika lenu. Babu akasimama mbele ya mlango, akakohoa. Nikampa pipi. Wenzake wote walikuwa wakizitia mfukoni. Huyu akaifungua pale pale. Ile karatasi ya pipi, kwenye chumba kile kilivyo kimya, ilisikika kama mtu anachoma nyasi kavu, na Bwana Kizito alikuwa anapita. Chakula ndani ya maonyesho, kimetolewa na mlinzi mwenyewe. Onyo la pili. Alinisomea kwa sauti ya chini, akimwangalia babu anavyonyonya kwa furaha, na nadhani na yeye alitamani moja.

Mjukuu alijisikia vibaya, akanifuata kuniomba radhi. Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kama babu yake ndiye mchoraji, kwa sababu kusema kweli kila mzee wa Kikorea aliyeingia nilikuwa namshuku. Msichana akacheka, akayumba, akataka kuegemea ukuta, nikamuwahi. Babu yake alikuwa dereva wa basi maisha yake yote, akasema. Na haumwi kifua.

Mlango wa karatasi haugongwi, akanieleza. Ukiugonga unautoboa. Kwa hiyo zamani kwao mtu akifika kwenye nyumba alikuwa anavua viatu, anasimama, anakohoa. Walio ndani wanajua kuna mtu, na kwa kikohozi chenyewe wanajua ni nani. Baba yake huyu mchoraji alitoka alfajiri moja wakati wa vita, akawaambia wafunge wasimfungulie mtu yeyote mpaka wasikie kikohozi chake. Walisikiliza mpaka siku waliyolazimika kukimbia. Ndiyo maana jiwe halina viatu.

Wadogo zangu, kumbe wazee wa watu muda wote ule walikuwa wanapiga hodi, na mimi nawapa dawa ya kifua.

Nilimwambia msichana kwamba hata kwetu hatugongi, tunaita, tunasema hodi, na haturuhusiwi kuingia mpaka tuitikiwe. Akamtafsiria babu yake. Babu akajaribu: "Hodi." Akaipenda, akairudia njia nzima mpaka vyumba vya mwanzo, namsikia.

Mimi nilivyo siwezi kukaa na habari. Mapumziko yalipofika nilimkimbilia dada mmoja Mqatari, mmoja wa walioyapanga maonyesho yale, mtu wa heshima sana, nikamwambia nimegundua siri ya mlango mweupe. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akanishika mkono, akanirudisha chumbani kwangu, akanionyesha ukutani pembeni ya picha. Kulikuwa na maelezo, Kiarabu juu, Kiingereza chini. Baba, vita, kikohozi, jiwe, vyote vimeandikwa. Nilikuwa nimevipa mgongo tangu siku maonyesho yanafunguliwa. Na hilo liandikeni: mlinzi wa picha anasimama anaangalia watu, picha iko nyuma yake. Anaweza kukaa nayo msimu mzima asiione.

Kesho yake babu alirudi. Ndege yao ilikuwa jioni, mjukuu akaniambia, mizigo iko hotelini, yeye amekataa kwenda kuona kitu kingine chochote. Chumba kilikuwa na sisi watatu tu. Babu akafika kwenye mstari akasimama. Akashika ukingo wa benchi, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akavipanga sakafuni kwenye mstari, vidole vikiangalia nje. Soksi zake zilikuwa na tobo la kidole. Akanyoosha mgongo, akakohoa.

Akasubiri.

Hapo ndipo ulimi wangu uliponiponza. Nyie mmelelewa kama mimi, mnajua. Mtu mzima amefika mlangoni, amevua viatu, amepiga hodi, halafu nyumba nzima inyamaze? Mimi sikufikiri. Nilisikia tu sauti yangu:

"Karibu."

Babu akageuka. Akamuuliza mjukuu, mjukuu akaniuliza mimi maana yake. Nikasema ndivyo tunavyomjibu anayepiga hodi. Maana yake ingia. Nilipomaliza kusema nikaona nilichokisema. Kazi yangu yote, tangu saa ya kwanza mpaka ya mwisho, ilikuwa kuwaambia watu wamekaribia mno, na neno la kuwafukuza na neno la kuwapokea kwetu ni lile lile. Msichana alitazama mstari, akanitazama mimi. Alijua. Alikuwepo jana nilipopewa la pili. Bado ningeweza kusema hapana, nimetania, ni neno tu. Nikaiona Lusail, jua lake na vumbi lake. Nikamwona na Mzee Mlango siku ya kufunga anaingia chumbani, na mimi simo.

Nikasogea pembeni.

Babu akavuka kwa soksi zake, hatua moja, akasimama mbele ya jiwe. Tii, tii, tii, tii. Nadhani masikio yake yalikuwa mazito, hakushtuka. Hakugusa kitu. Aliinama mbele ya mlango, akakaa ameinama kwa muda, akarudi kinyumenyume kwa adabu mpaka kwenye viatu vyake. Alipokuwa anavivaa mjukuu aliniambia kwa sauti ndogo kwamba baba yake babu naye alitoka nyumbani kwenye vita ile ile. Yeye alirudi. Walikuwa wamejifungia ndani na mama yao, wakasikia kikohozi.

Bwana Kizito alifika wakati babu anafunga kamba. Akatazama viatu, akatazama mstari, akanivuta pembeni. Mtu mwema yule. Alinifungulia njia kabisa.

"Alikupita hukumwona, sivyo?"

Kama ningesema ndiyo, babu angeitwa, angeulizwa mbele ya mjukuu wake, angeinama kuomba radhi kwa watu wa rika la watoto wake.

"Nilimkaribisha, mudir."

"Kwa nini, Mwanaidi?"

"Alipiga hodi."

Bwana Kizito ni Mganda. Kwao nako mgeni anasimama nje anaita koodi mpaka aitikiwe. Akageuka akautazama mlango mweupe, nadhani kwa mara ya kwanza kama mlango, akautazama mpaka babu na mjukuu wakawa wameondoka. Ndipo akasema, taratibu, bila lile koti lake la ukali:

"La tatu."

Basi, ndiyo kustaafu kwangu. Lusail si makaburini, msitishwe. Kuna kibanda, kuna feni, kuna madereva wa Mombasa wanaonipigia stori za uongo mtupu. Da Zuwena alikasirika siku mbili, halafu akaniletea kofia pana. Shiko alirithi chumba changu, na pipi zilizobaki nilimwachia, akasema atazila mwenyewe. Mzee Mlango hakuja. Madaktari wake walimkatalia ndege, kwa hiyo hata ningebaki nisingemwona. Nililia kidogo niliposikia, halafu nikacheka.

Kwenye usaili wakiwauliza kazi ya mlinzi wa picha ni nini, semeni ni kuhakikisha wageni hawakaribii mno. Ndilo jibu wanalolitaka, msiwaletee haya yangu. Mkishapata kazi, siku ya kwanza someni ukuta. Na mkitoa shikamoo, pimeni nyuma.

Waliniachia nimalize wiki. Zamu yangu ya mwisho ilikuwa Alhamisi. Kengele ya kufunga ililia, mgeni wa mwisho akatoka, Shiko akaenda kuchukua begi lake. Nikageuka, nikakipa chumba mgongo, nikautazama mlango. Nikavua viatu, nikavipanga kwenye mstari, vidole vikiangalia nje. Nikakohoa, mara moja, kavu, kama mtu mzima aliyechelewa kurudi nyumbani.